Nilikubali kutohamisha mkopo wa gari kwa miezi sita. Je, nimefungwa?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Houston, Texas. Nahudumia wazee zamu ya usiku, na mume wangu anaendesha lori. Gari letu la zamani lilitufia barabara kuu ya 59 kipindi cha joto, tukaona tukiendelea kulitengeneza tutazidi kupoteza. Tukaamua kununua jipya, la kwanza jipya maishani mwetu.

Kabla ya kwenda dukani nilifanya ulichowahi kushauri hapa: nilipitia kwanza kwenye chama cha akiba na mikopo ninakowekea mshahara. Wakanipa idhini ya awali ya asilimia 5.7 kwa miezi isiyozidi 72, na asilimia 6.9 nikitaka miezi 84. Nikaenda kwa dila, yaani duka la magari, na karatasi yangu mkononi, kichwa juu.

Aliyetuhudumia ni kijana wa kwetu, tunasali naye. Tulipoelewana bei, akasema kuna punguzo la dola 2,000, lakini ni la wanaokopa kwa kampuni ya mikopo ya mtengenezaji wa gari. Ukija na mkopo wako, hulipati. Riba yao ni asilimia 8.9. Nilipotaka kukataa akaniinamia, akasema kwa Kiswahili ili wenzake wasielewe: "Dada, chukua punguzo, halafu baadaye hamishia mkopo kwenye chama chako. Ila naomba unisitiri, usihamishe kabla ya miezi sita." Nikamwambia sawa.

Kutoka hapo tukaingia ofisi ya meneja wa fedha. Tulikaa mpaka mtoto mdogo akalala kwenye viti viwili vilivyounganishwa. Yule bwana alikuwa ameshaweka alama ya X kila mahali pa kusaini, anageuza karatasi, sisi tunasaini. Nilipokuja kusoma nyumbani nikakuta humo ndani kuna bima ya GAP (ya kufidia pengo kati ya deni na thamani ya gari) ya dola 995 na mkataba wa matengenezo wa dola 2,400. Mume wangu anasema alituambia. Mimi sikumbuki kusikia bei.

Kwa jumla tumekopa dola 34,000 kwa miezi 72, rejesho ni dola 611 kwa mwezi. Tumeshalipa mara mbili. Juzi nimeangalia salio, bado dola 33,280 na ushee. Nilihisi kizunguzungu. Dola 1,222 zimetoka, deni limeshuka dola 720 tu!

Nataka kuhama sasa hivi. Mume wangu ana hoja tatu. Kwanza anasema ahadi ni deni, na kijana yule atakatwa pesa. Pili anasema tukihama mapema watatudai zile dola 2,000. Tatu anasema riba ya mkopo huwa inalipwa mbele, kwa hiyo hata tukihama hatuokoi kitu. Halafu papo hapo anasema tukihama, basi tuchukue miezi 84 ili rejesho lishuke mpaka kama dola 500, tofauti itusaidie kumalizia msingi wetu Kibaha.

Na mimi nina hofu yangu: kila nikiomba mkopo si wanapekua taarifa zangu za mikopo na alama zangu za ukopaji zinashuka? Tuna ndoto ya kununua nyumba huku.

Nisaidie, maana nyumbani hili jambo limekuwa wimbo.

Mama Wawili, Houston

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na hilo linalomkosesha usingizi mumeo, lile la dola 2,000, kwa sababu jibu lake mnalo nyumbani. Toeni ule mkataba wa mkopo, ule mrefu kuliko karatasi za kawaida. Sehemu ya juu kuna visanduku: kiwango cha riba kwa mwaka, jumla ya gharama ya mkopo kwa dola, kiasi mlichokopeshwa, na jumla mtakayolipa hadi mwisho. Sheria ya shirikisho ya uwazi wa mikopo, ambayo ipo tangu mwaka 1968, inamlazimisha mkopeshaji aandike hayo waziwazi. Chini ya visanduku hivyo tafuta mstari unaoanza na neno Prepayment. Hapo lazima waseme kama ukilipa deni lote mapema utatozwa faini au hutatozwa. Kwa mikopo ya aina yako, kwa kawaida utakuta hakuna faini.

Ukimaliza hapo, pekua karatasi nyingine zote mlizosaini siku ile, hasa zile fupi za ukurasa mmoja. Unatafuta maandishi yanayosema kwamba punguzo litarudishwa endapo mkopo utalipwa kabla ya siku kadhaa. Karatasi za namna hiyo zipo, baadhi ya madila huzitumia. Ukiikuta na sahihi yako iko chini, basi tarehe iliyoandikwa humo ndiyo tarehe yako ya kuhama, hakuna mjadala. Usipoikuta, hakuna wa kukudai. Maneno ya mdomo dukani hayaingii kwenye mkataba wako na kampuni ya mikopo, na mikataba mingi ya gari ina kifungu kinachosema hivyo hivyo: kilichokubaliwa ni kilichoandikwa.

Sasa hiyo miezi sita imetoka wapi? Jua namna dila anavyokula. Kampuni ya mikopo inapopokea maombi yako inampa dila kiwango chake, tuseme asilimia 6.9. Dila anaruhusiwa kukuongezea juu, mara nyingi hadi pointi mbili au mbili na nusu kadiri mkopeshaji anavyoruhusu, akakuandikia 8.9. Ile ziada ni mapato yake, na hulipwa mapema kwa kutegemea kwamba mkopo utaishi. Ukilipa deni lote haraka, kampuni inamdai dila irudishiwe ile pesa. Muda wa kudai hutofautiana, wengine siku 90, wengine miezi sita. Kwa hiyo miezi sita ya kijana wako ni kinga ya duka. Wewe haikulindi na chochote.

Ndiyo maana naona mumeo amelichukua hili kwa uzito usiolistahili. Ahadi ni deni, kweli, na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Lakini mwombaji alikuwa anaomba kwa niaba ya nani? Pesa inayorudishwa hutoka kwenye mapato ya ofisi ya mikopo ya duka, yaani kule kwa yule bwana wa alama za X, ambako kamisheni ya meneja wa fedha ndiyo hukatwa. Muuzaji wa mbele mara nyingi analipwa kwa faida ya gari lenyewe. Mara nyingi, si mara zote. Kwa hiyo mpigie kijana simu, mwulize bila kuzunguka: "Nikihama sasa, wewe mwenyewe unakatwa? Na mwisho wa makato ni siku ya ngapi?" Mnasali pamoja, hawezi kushindwa kukujibu hilo.

Akisema anakatwa, weka bei kwenye huo wema. Kwa deni la dola 33,280, asilimia 8.9 inakula takriban dola 8.10 kila siku inayokucha. Kwa asilimia 5.7 ingekula dola 5.20. Kumsubiri kijana hadi mwezi wa sita, yaani miezi minne zaidi, kutakugharimu kama dola 350. Kumsubiri hadi siku ya 90, mwezi mmoja hivi kutoka leo, ni chini ya dola 90. Mimi ningekuwa wewe, na kijana akathibitisha kwamba mfukoni mwake mwenyewe ndimo mtakamotoka pesa, ningempa hadi siku ya 90 na kumwambia nimefika hapo. Hiyo ni heshima ya kutosha. Dola 350 za kulinda mapato ya duka lililokuwekea GAP bila kukutajia bei ukasikia, hapana.

Mwezi mmoja huo pia hautapotea bure. Baadhi ya wakopeshaji hawapokei gari kabla jina la mkopeshaji wa kwanza halijaingia kwenye hati ya umiliki, ile ambayo kule nyumbani tunaiita kadi ya gari. Gari jipya linaweza kuchukua wiki kadhaa hati yake kukamilika. Ulizia chama chako jambo hilo mapema.

Sasa nije kwenye hoja ya riba kulipwa mbele, maana hii naisikia kila kona ya diaspora na chanzo chake nakijua. Nyumbani watu wengi tumekopa kwa riba isiyoshuka: unapigiwa riba ya deni zima siku ya kwanza, inagawanywa kwa miezi, na hata ukimaliza mapema mara nyingi umeshailipa yote. Mkopo wako wa gari haufanyi kazi hivyo. Mikopo ya magari huku kwa kawaida huhesabiwa riba siku kwa siku juu ya salio lililobaki. Na kwa mikopo inayozidi miezi 61, sheria ya shirikisho inakataza ile mbinu ya kihesabu ya kurundika riba miezi ya mwanzo kuliko inavyostahili. Wako ni wa miezi 72, umelindwa.

Kizunguzungu chako cha dola 720 kina maelezo mepesi. Katika dola 1,222 ulizolipa, zaidi kidogo ya 500 zilikuwa riba, kwa sababu ndipo deni lilipo kubwa kuliko litakavyokuwa tena. Na hapo ndipo mumeo anapokosea njia: kama riba inauma zaidi mwanzoni, basi kuhama mwanzoni ndiko kunakookoa zaidi. Akingoja mwaka wa nne ndiyo atakuwa amesema kweli.

Kuhusu uamuzi wako wa kuchukua punguzo, ulipiga hesabu nzuri, ila imebaki nusu. Ungelikataa punguzo ukatumia chama chako tangu mwanzo, ungekopa dola 36,000 kwa asilimia 5.7. Rejesho lingekuwa dola 592 hivi, na jumla hadi mwisho kama dola 42,600. Ukibaki ulipo sasa hadi mwezi wa 72, utalipa jumla ya dola 44,000. Umeona? Punguzo la dola 2,000 linageuka hasara ya dola 1,400. Watengenezaji wanajua wateja wengi wakishafika nyumbani na gari jipya hawafungui tena bahasha ile, na punguzo limejengwa juu ya uvivu huo.

Tuseme sasa mmehama na dola 33,280 kwa asilimia 5.7, miezi 72. Rejesho ni dola 547. Hapa nataka mnisikilize wote wawili. Usilipe 547. Endelea kulipa 611 ileile uliyoizoea, na uwaambie chama kwa maandishi kwamba ziada iingie kwenye deni lenyewe, isihesabiwe kuwa ni rejesho la mwezi ujao. Deni litaisha kwenye rejesho la 64 badala ya 70 zilizobaki mlipo leo, na mtakuwa mmeokoa zaidi ya dola 4,000. Mwezi ukikupigia zamu chache, au lori likalala gereji, unarudi kwenye 547 bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndiyo faida ya kuchukua miezi 72 hata kama nia ni kumaliza mapema: unaomba ratiba ndefu kidogo, unalipa kwa ratiba fupi.

Miezi 84 ni habari nyingine, na nitasema wazi: siipendi. Chama chako wenyewe wamekuambia huko riba ni 6.9. Rejesho litakuwa dola 501, mumeo atafurahi, ataona dola 110 kila mwezi za kupeleka Kibaha. Lakini piga jumla yake. Miezi 84 kwa 501 ni kama dola 42,050. Mkibaki na dila hamtalipa zaidi ya dola 42,780 kuanzia leo. Yaani hangaiko lote hili la kuhama litakuwa limeokoa dola 700 kwa miaka saba. Na mwaka wa saba mtakuwa mnalipia gari ambalo limeshabadilishwa matairi mara mbili na halina tena dhamana ya kiwanda. Dola 110 mnazopeleka kwenye msingi hazitoki kwenye akiba yoyote. Mmezikopa kwa chama, mkaziita akiba.

Kama Kibaha haiwezi kusubiri, ile tofauti ya 611 na 547 ipo, dola 64 kwa mwezi, na hiyo ni ya kwenu kihalali. Pelekeni hiyo, angalau mwaka mmoja, halafu rudini kwenye 611. Mume akisema dola 64 hazitoshi mfuko wa saruji na fundi, basi suala si gari tena. Ni bajeti ya ujenzi, na hiyo niandikieni barua nyingine.

Bima ya GAP usiisahau, na nakuomba uisome sehemu hii mara mbili. GAP hulipa pengo pale gari linapoharibika kabisa au kuibiwa, na bima ya kawaida ikalipa thamani ya gari ambayo ni ndogo kuliko deni. Kwa watu waliokopa karibu bei yote ya gari jipya, kama ninyi, pengo hilo ni la kweli, kwa hiyo sisemi haina kazi. Ila ile ya dila imefungwa kwenye mkopo wa dila. Siku mkopo ule unapolipwa, GAP nayo inakufa, na wewe unabaki barabarani bila kujua. Pesa ya muda uliobaki ni yako: umetumia miezi miwili kati ya 72, kwa hiyo katika 995 zinapaswa kurudi zaidi ya 900, pengine na makato madogo ya kufungia faili. Tatizo ni kwamba mara nyingi hairudi yenyewe. Andika barua au barua pepe kwa dila na kwa msimamizi wa GAP aliyetajwa kwenye mkataba, taja tarehe mkopo ulipolipwa, ambatisha uthibitisho wa malipo, weka nakala. Kisha nunua nyingine kwa chama chako, au uliza kampuni yako ya bima ya gari. Kwa kawaida huwa ni bei ya chini sana kuliko ya ofisi ya meneja wa fedha. Mpya ianze siku ileile mkopo mpya unapoanza.

Ule mkataba wa matengenezo wa dola 2,400 unafuata gari, haufi kwa kuhama mkopo. Lakini unaweza kuuvunja. Magari mapya mengi huku yana dhamana ya kiwanda ya miaka mitatu au maili 36,000 kwa karibu kila kitu, na miaka mitano au maili 60,000 kwa injini na gia. Kwa hiyo mmelipia leo, tena kwa riba, kitu ambacho sehemu yake kubwa kitaanza kufanya kazi mwaka wa nne. Ningeuvunja kabla ya kuhama. Kwa sababu mkopo bado upo, pesa inayorudishwa huenda kwa mkopeshaji kupunguza deni, nawe unahama na deni dogo zaidi. Hilo lina faida ya pili: gari jipya hushuka thamani likitoka tu getini, na mna deni la dola 33,000 juu ya gari ambalo huenda sokoni sasa halifiki 30,000. Wakopeshaji wengi huku hupokea deni linalozidi thamani ya gari hadi kiwango fulani tu, wengi karibu asilimia 120 ya thamani hiyo. Kila dola mia inayotoka kwenye deni kabla ya maombi inakusogeza upande salama.

Alama zako. Ni kweli kwamba ombi la mkopo huacha doa dogo. Lakini mifumo ya alama inatambua kuwa mtu anaweza kuulizia bei sehemu kadhaa za mkopo mmoja wa gari, na huyahesabu maombi hayo kuwa moja yakifanywa ndani ya muda mfupi. Matoleo ya zamani ya FICO, mfumo wa alama unaotumiwa na wakopeshaji wengi, hutumia siku 14, mapya siku 45. Fanya yote ndani ya siku 14, utakuwa salama kwa vyovyote. Usiishie kwenye chama kimoja. Peleka namba zako kwa viwili vitatu, maana 5.7 uliyopewa ilikuwa ya kununua gari, na kuhamisha mkopo wakati mwingine kuna bei yake. Uliza swali hilihili: "Gari langu ni la mwaka huu na lina maili chache, mtalihesabu kama jipya?" Vyama vya akiba na mikopo vyenye leseni ya shirikisho haviruhusiwi kutoza faini ya kulipa mapema, hivyo mpango wetu wa 611 hautakwama huko.

Ila kuhusu nyumba: kama mnataka kuomba mkopo wa nyumba ndani ya miezi michache ijayo, hamisheni gari kwanza, mtulie, rejesho mpya ionekane kwenye taarifa zenu. Au subirini ununuzi wa nyumba ukamilike kabisa ndipo mhame. Msiguse mkopo wowote katikati ya maombi ya nyumba. Mkopeshaji wa nyumba hupekua tena karibu na siku ya mwisho, na mkopo mpya uliotokea ghafla unaweza kusimamisha kila kitu. Ripoti zenu kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza taarifa za mikopo, mnaweza kuziangalia bure kila wiki kwenye annualcreditreport.com.

Kodi nayo ina neno lake hapa, na sijaona wengi wakilitaja. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaruhusu kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi ya shirikisho riba ya mkopo wa gari jipya la matumizi binafsi, hadi dola 10,000 kwa mwaka, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028. Mkopo uwe umeanza baada ya tarehe 31 Desemba 2024, na gari liwe limeunganishwa Marekani. Ile karatasi ya dirishani ya gari jipya inataja mahali pa kuunganishwa. Nafuu hupungua mapato yakizidi dola 100,000 kwa mtu mmoja au 200,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Ukihamisha mkopo kwa kawaida huipotezi, ila ni kwa kiasi kile cha deni ulichohamisha, hivyo msishawishiwe kuongeza pesa taslimu juu yake. Na msibaki kwenye 8.9 eti kwa ajili ya kodi. Kwa mtu wa daraja la asilimia 12, kila dola 100 ya riba inakurudishia dola 12. Nyingine 88 zimekwenda.

Utaratibu wenyewe hauchoshi. Omba kwa kampuni ya mkopo wa sasa barua ya kiasi cha kulipia deni lote, ambayo huandikwa na riba ya siku kadhaa mbele, kwa kawaida siku 10. Chama chako kitawalipa moja kwa moja. Hati ya gari itabadilishwa jina la mkopeshaji, na hapo Texas ada ya maombi ya hati ni dola 28 au 33 kutegemea kaunti. Kodi ya mauzo hulipi tena, kwa kuwa mwenye gari hajabadilika. Mwite wakala wa bima abadilishe jina la mkopeshaji kwenye mkataba wako wa bima siku hiyohiyo.

Mwisho, usizime malipo ya moja kwa moja ya mkopo wa zamani mpaka uone salio ni sifuri kwa macho yako. Hundi inaweza kuchelewa njiani, rejesho likapita tarehe, na taarifa ya kuchelewa zaidi ya siku 30 kwenye ripoti yako itakuumiza kuliko maombi yote ya mkopo uliyokuwa unayaogopa. Ukilipa mara mbili kwa bahati mbaya, ziada itarudishwa kwa hundi. Hakikisha wana anwani yenu sahihi.